Siku Nane za Kumrudisha Loise

Jumapili, 4 Agosti 1974

Nimempoteza mjukuu wangu leo, saa sita na dakika kumi mchana, nje ya kanisa, hapa Voi.

Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeitazama. Miaka mitatu mfululizo Loise akitoka kanisani hunikimbilia mimi, akanishika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichokatwa ncha na bati, akauliza kimeota kiasi gani. Mimi humjibu: mke wangu, bado kidogo. Yeye ana miaka saba, mimi sitini na mmoja. Kwa utani wetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, hakuna wa kushangaa.

Leo ametoka mbio, nikainama, nikanyoosha kidole. Akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya simu. Akaenda kujitupa kwenye sketi ya Khalayi.

Khalayi ni mama yake Makokha, kijana wa reli aliyemwoa binti yangu Alice. Alifika siku kumi zilizopita kwa gari la moshi kutoka Bungoma, na kikapu kimoja na kuku wawili walio hai. Mwanamke mrefu, sauti nene. Loise anamwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yao. Mimi ni Babu tu. Babu huitwa hata muuza makaa.

Nimemwuliza Alice mtoto anakuja lini kwangu, maana shule imefungwa na kila likizo hulala kwetu. Alice akasema, Baba, mwache kwanza, kila jioni Kukhu anawapa watoto wa landi, hizi nyumba za reli, hadithi, Loise hataki kukosa hata moja.

Hadithi!

Likizo ni siku ishirini na nane. Khalayi atarudi kwao likizo ikiisha. Nimepiga hesabu mara mbili. Nisipofanya kitu, fungu langu ni sifuri.

Jumatatu, 5 Agosti

Mimi ni fundi wa bati. Nilianza na nyundo ya kuazima kwenye kivuli cha ukuta wa watu. Leo nina kibanda changu, nyundo sita, na nitajie nyumba Voi isiyo na koroboi niliyoitengeneza mimi. Mtu wa namna hiyo hashindwi na maneno matupu.

Leo nimetengeneza gari la moshi kwa mikebe mitatu ya Kimbo. Magurudumu kumi na mawili ya vifuniko vya soda, na bomba la kutolea moshi. Saa tano za kazi. Wateja wanne nimewaambia warudi kesho.

Nimelipeleka landi saa kumi. Kwetu mwanamume haingii ovyo nyumba ya mkwewe, kwa hiyo nilisimama uani nikakohoa mpaka Alice akatoka. Loise amefurahi. Amelivuta mizunguko miwili. Halafu akalisimamisha kwa kichwa, magurudumu hewani, akasema hii sasa ni nyumba ya linani.

Nikauliza linani ni nini. Akanitazama kwa huruma. Ni lile jitu linalokula watu, Babu, hata mtoto mdogo analijua.

Khalayi amenisifu, kwa adabu zote. Mzee Mwandawiro, alisema, mikono yako ina akili.

Mikono. Nimemwelewa.

Jumanne, 6 Agosti

Kama vita ni ya hadithi, basi zitafutwe hadithi. Mimi sina. Nimejaribu usiku kucha kukumbuka hata moja, nikapata tu bei za mabati tangu mwaka wa hamsini na mbili.

Asubuhi nimemwomba mke wangu Wakio (yule wa ndoa ya kanisani, si yule wa miaka saba) aniazime mbili au tatu, maana alilelewa milimani na nyanya wawili na shangazi asiyenyamaza. Amekataa. Amesema hadithi haiazimwi kama jembe, na kwamba mwenye sauti ya kutangaza makarai ataivunja kabla haijafika katikati. Kisha akauliza, baba Alice, kwani huwezi tu kukaa na mtoto? Nikamwambia nimekaa naye miaka saba, ona nilipofika.

Mchana nimekwenda kwa Gibson, mlinzi wa lango kwenye shamba la mkonge, mtu anayesifika kwa mdomo. Tumepatana hivi: mimi nizibe taa yake inayovuja, yeye anipe hadithi moja nzima. Nimeziba. Akaanza. Saa moja na dakika ishirini. Inahusu namna wake zake wawili walivyogundua, wakiwa kwenye foleni moja ya zahanati, kwamba wana mume mmoja. Nzuri sana. Nimecheka mara nne. Lakini si ya mtoto wa darasa la kwanza, na kwa jinsi Gibson alivyokuwa akitazama njiani, nadhani haijaisha.

Jioni Wakio hakuwepo. Amerudi ananuka moshi wa kuni za watu. Nimeuliza ametoka wapi. Kumwona Alice, amesema, na kwenda zake kuosha miguu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata mbinu. Hadithi za Khalayi ni nzuri, basi nitazichukua hizo hizo. Atakayejua ni nani?

Mfereji wa bati kwenye paa la Makokha umelegea tangu mvua za mwezi wa nne. Saa kumi na mbili jioni nikatokea na vifaa vyangu. Makokha akashukuru, akaniletea ngazi ya kazini kwao. Nikapanda. Nikapiga misumari miwili kwa sababu ya macho ya watu, kisha nikalala kifudifudi juu ya bati na daftari langu, sikio ukingoni.

Chini, sahani zilioshwa, watoto wakakusanyika, nikahesabu kumi na wanne. Giza lilipoingia Khalayi akaanza. Nikiri: yule mama anajua kazi yake. Ilikuwa habari ya linani aliyeng'oka meno, akazunguka kuazima meno ya kila mnyama. Fisi akampa mawili, nguruwe mwitu manne, kiboko akampa moja tu lakini kubwa. Kila akipata jino, watoto wanaitikia wimbo. Nimeandika yote. Jumla meno arobaini na sita, idadi ambayo haiwezi kuenea kinywani. Mimi mwenyewe nina ishirini na saba na yanasongamana. Nilitaka kupaza sauti kumsahihisha. Nilijizuia.

Wakati huo Makokha akaenda zamu. Ngazi ni ya kazini, ameitilia sahihi, akaondoka nayo.

Mimi sikujua, maana wimbo ulikuwa umenipata. Nakiri hata hili: nilikuwa napiga nyundo kwenye bati, polepole, kufuata makofi yao. Ngo, ngo, ngo. Wimbo ukakatika ghafla. Nikasikia sauti ya Loise, nyembamba, ikisema: Kukhu, linani yuko juu ya nyumba.

Watoto kumi na wanne wakatawanyika. Mmoja aliingia kwenye banda la kuku. Milango ya landi ikafunguka, tochi zikawaka, mtu akaita rungu. Nikakohoa ili wanitambue, ikawa mbaya zaidi.

Ndipo ikatoka sauti nyingine, tulivu, kutoka kwenye mkeka wa Khalayi mwenyewe. Msirushe mawe, ilisema. Huyo si linani, ni mume wangu, na yuko na suruali ya kanisani.

Wakio! Siku zote hizo amekuwa akikaa mkekani na adui.

Nimekaa juu dakika arobaini mpaka ngazi ikarudishwa. Khalayi hakucheka. Amesema tu kwamba sehemu ya mwisho ya hadithi ile ataimaliza kesho, kwa walioketi chini.

Alhamisi, 8 Agosti

Sehemu niliyonayo inatosha. Mwisho nitautunga mwenyewe.

Tatizo ni saa. Usiku mtoto ni wa Khalayi. Lakini mchana ni mrefu: tangu saa moja asubuhi mpaka kumi na mbili jioni ni saa kumi na moja nzima, na hakuna anayezitumia! Nilishangaa mwanamke mwenye akili kama yule kuacha mwanya wa namna hiyo.

Nikamtuma mtu amwambie Alice nina mandazi. Loise alifika saa sita. Nikamketisha kwenye debe, nikaweka nyundo chini, nikaanza. Hapo kale palikuwa na linani aliyeng'oka meno.

Akaziba masikio. Nikadhani ni sauti yangu, nikaipunguza. Akaziba zaidi, akafumba na macho. Nikafika kwa fisi. Akaanza kulia. Babu, acha, acha, ni mchana. Anayesikiliza hadithi mchana, mama yake huota mkia.

Akatoka mbio. Mandazi manne kati ya sita hayajaguswa.

Saa nane Alice amekuja, uso umevimba kwa hasira. Baba, umemwambia nini mtoto? Tangu arudi ananifuata nyuma kila ninapokwenda. Chooni ananifuata. Nikiinama kufagia, anainama na yeye kutazama. Nimemwambia Alice awe na subira, dawa ni kumwonyesha hakuna kitu. Amesema ameshamwonyesha mara tatu, na mtoto anajibu kwamba mkia hauoti siku moja.

Jioni nimemweleza Wakio upuuzi huu wa watu wa Bungoma. Baba Alice, amesema, hata kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Milima yote hii. Hukujua?

Sikujua.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Nyanya zangu wote wawili walikuwa wamemtangulia. Katika nyumba niliyolelewa, jioni ilikuwa ya kunyamaza. Nikamwambia Wakio hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Ameniongezea maharage.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku imepotea bure. Naiandika tu ili hesabu ya siku isiharibike.

Asubuhi Loise amekuja mwenyewe kurudisha sahani ya mandazi. Mamake hana mkia mpaka sasa, alinijulisha, ila bado wanaangalia. Akakaa kwenye debe. Akauliza kwa nini mimi sijui masharti ya hadithi. Nyanya yako hakukufundisha?

Nikasema sikuwa naye.

Na babu yako?

Naye pia.

Akafikiri sana, miguu inapiga debe. Sasa jioni ulikuwa unafanya nini, mume wangu? Nikamwambia ukweli, maana sikuwa na mbinu yoyote tayari: nilikuwa nahesabu. Nahesabu nini? Chochote. Makombe, mbuzi, nyota, mpaka usingizi uje. Na siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilihesabu mataruma ya reli, yale yanayolala chini ya vyuma.

Akauliza yapi. Nikaeleza kwa ufupi, huku nakunja mdomo wa birika. Kwamba niliteremka peke yangu kwa miguu kutoka Mwatate mpaka Voi, kumtafuta mjomba aliyekuwa akikata mkonge. Kwamba sikuijua njia, ila mtu aliniambia fuata reli usiiache. Niliogopa simba, na nikaona nikihesabu nitaogopa kidogo. Lakini nilikuwa najua kuhesabu mpaka mia tu. Basi kila nikifika taruma la mia, naokota jiwe natia mfukoni, naanza tena moja. Jiwe la arobaini na moja lilipoingia, mfuko ukachanika, mawe yote yakamwagika, nikakaa chini nikalia. Si kwa sababu ya simba, ni kwa sababu ya hesabu.

Loise alikuwa ameacha kupiga debe. Ukafanyaje?

Nikayaokota yote, nikavua shati nikayafunga humo. Nikafika Voi kifua wazi, nimebeba furushi la mawe. Mjomba akauliza umeleta nini kutoka nyumbani.

Hapo nilimwomba msamaha kwa kumsimulia mchana, nikamwambia lakini hii si hadithi, imetokea. Akasema iliyotokea haina sharti. Akataka nirudie kutoka mwanzo. Nikarudia. Akataka tena, na safari hii nisiruke simba.

Halafu akataka kuona mataruma. Hakuna gari mpaka jioni, Makokha alikuwa amesema, kwa hiyo nikafunga kibanda. Tumetembea kando ya reli ya Taveta, ile ile inayopita Mwatate, yeye anahesabu, mimi nashika mawe. Alijikwaa kwenye sitini na tisa mara mbili, akarudi mwanzo mwenyewe bila kuambiwa. Tumefika mawe sita. Wakati wa kurudi nilimbeba mgongoni, akawa ananihesabia hatua sikioni mpaka akalala kwenye mia mbili na kumi.

Saa tatu na nusu nzima, kibanda kimefungwa. Na sikumsimulia hadithi hata moja!

Jumamosi, 10 Agosti

Khalayi anapanga kitu.

Saa nne asubuhi amekuja kibandani mwenyewe, kwa miguu, juani, kanga kichwani. Nikampa kiti. Akasema, mkwe wangu, nina swali: yale mawe yalikuwa mangapi mfuko ulipochanika, arobaini au arobaini na moja?

Nikamwuliza amejuaje habari za mawe. Akasema jana jioni Loise alimnyang'anya zamu. Mtoto alisimama katikati ya mkeka, akasema leo nasimulia mimi, na akasimulia safari ya babu yake mpaka mwisho. Watoto wa landi wamegombana kuhusu idadi na hawakulala vizuri. Leo wanasema kama hakuna safari ya mawe, linani abaki na meno yake.

Nikaiona njama yote. Kwanza amechukua mtoto, pili mke wangu, sasa anataka mawe yangu! Na anayataka kamili, ili ayasimulie kule Bungoma kana kwamba ni ya ukoo wao.

Nikamwambia thelathini na nane. Uso mkavu. Nikataka ajikwae mbele ya watoto.

Amekwenda na thelathini na nane yake. Wakio alikuwa mkekani jioni (sasa hajifichi hata kidogo) na ameniletea habari. Khalayi alipotaja thelathini na nane, Loise alisimama akasema, kwa heshima lakini kwa sauti: Kukhu, umesikia vibaya, Babu hakosei hesabu. Watoto wote wakamwunga mkono. Khalayi alisema, ni kweli, masikio yangu yamezeeka, na akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Nikamwambia Wakio arudie kile alichosema mtoto. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Moshi wa lehemu ulikuwa mwingi kibandani leo, macho yananiwasha hadi sasa.

Kwa vyovyote, uongo umefanya kazi. Nitautumia tena.

Jumapili, 11 Agosti

Wakio amealika watu chakula cha mchana bila kuniuliza. Kimanga cha mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, sufuria kubwa kupita zote. Makokha, Alice, na Khalayi na kuku wake wa pili, ambaye leo amekuja akiwa mchuzi.

Loise amekuja na kifurushi cha nguo. Anahamia kwetu mpaka shule ifunguliwe. Nimefurahi dakika moja hivi. Kisha akamfungulia Kukhu wake mlango wa chumba kile kile, akamwonyesha upande wa kitanda. Wakio tayari alikuwa ametandika. Hakuna aliyeniuliza katika nyumba niliyoijenga mwenyewe bati kwa bati.

Nimemwita Alice kando. Nimesema nimerudishiwa mjukuu na adui kwa pamoja, hiyo ni sare, si ushindi. Alice akasema, Baba, Kukhu amekuwa akimwomba mtoto akuulize habari zako tangu siku ya paa. Anasema mtoto mwenye babu aliye hai asikae kwenye mkeka wa Kukhu tu. Nimemwambia Alice hiyo ndiyo mbinu yenyewe, hajui tu, bado ni mdogo. Ana miaka thelathini na mbili.

Baada ya chakula joto lilizidi. Tumekaa kwenye benchi la ukumbini, mimi huku, Khalayi kule. Loise alijilaza katikati akalala. Kichwa kiko kwenye paja langu. Miguu iko kwenye paja la Khalayi. Nimelipima jambo hili kwa makini. Kichwa ni kizito, na ndicho chenye akili, hiyo inanipa mimi nafasi ya kwanza. Lakini miguu ni miwili. Na pengine alichagua kwanza mahali pa miguu, kichwa kikaangukia popote. Khalayi naye amesinzia, mdomo wazi, hana wasiwasi hata kidogo. Mtu asiye na wasiwasi anajua kitu.

Siwezi kuondoka, nitamwamsha. Nimechana karatasi ya daftari hili, naandika juu ya goti la pili. Nitaibandika kwenye kifurushi chake, herufi kubwa, maana bado anasoma polepole:

LOISE. MIMI BABU YAKO NAULIZA. KATI YA BABU NA KUKHU UNAMPENDA NANI ZAIDI? ANDIKA JINA MOJA. WAWILI SI JIBU. KAMWULIZE MAMA SI JIBU. KUCHEKA SI JIBU. UKIAMKA UNAWE USO KISHA UJIBU. MWISHO NI SAA KUMI NA MOJA KAMILI, LEO.